Anayecheza Yuda Si Yuda

Kila Kwaresima inapokaribia na vijana wanapoanza kugawana nafasi za igizo la Mateso, swali lilelile hurudi huku kwetu: nani anastahili kumcheza Bwana Yesu? Haulizwi nani ana sauti ya kufika nyuma ya umati, nani ana kumbukumbu, nani atakuja mazoezini hata mvua ikinyesha. Huulizwa nani amepata Kipaimara, nani hakosi jumuiya, nani hana doa. Upande wa pili wa swali hilo hausemwi kwa sauti, nao ni mbaya zaidi. Nafasi ya Yuda, ya Baraba na ya mganga wa kienyeji hupewa yule ambaye tayari tuna mashaka naye. Baada ya Pasaka jina la Yuda humfuata sokoni na kisimani, na tunacheka.

Sisi tunaoandika haya ni waumini wa Nambambo, na tunasema wazi kwamba desturi hii ni potofu. Mwigizaji hadaiwi imani ya mtu anayemwigiza, iwe imani njema au mbaya.

Wanaoitetea desturi hii si wajinga, na hoja yao nzito tunaijua. Wanasema kuigiza imani usiyokuwa nayo ni unafiki, na wanaongeza, kwa haki kabisa, kwamba neno la Kigiriki ambalo katika Injili tunalisoma "mnafiki" ndilo lililotumika kumtaja mwigizaji wa jukwaani. Ni kweli. Lakini Bwana hakuwakemea waigizaji wa jukwaani. Aliwakemea watu waliosali njia panda ili waonekane. Kosa lao ni kwamba waliigiza mahali ambapo watu waliamini hakuna igizo. Kijana wetu anapobeba msalaba siku ya Ijumaa Kuu hamdanganyi mtu. Mama yake yuko pale, anaijua ile shuka kuwa ni yake, na watoto wote wanajua kwamba damu ile ni juisi ya rozela. Mnafiki huficha kwamba anaigiza, wakati mwigizaji amekwisha kutuambia kabla hajafungua kinywa. Kama tunautafuta unafiki, tuutafute kwanza kwenye viti vya mbele, ambako hakuna aliyetangaziwa mchezo.

Kanisa lenyewe limetufundisha jambo hili kila mwaka, ila hatukulitazama. Jumapili ya Matawi na Ijumaa Kuu, Mateso yanaposomwa kwa kugawana sauti, msomaji mmoja hupewa maneno ya Pilato, na mwingine hupewa ya Petro anayekana kwa kiapo. Sisi kusanyiko zima hupewa maneno ya umati. Tunadai kwa sauti moja, kanisani, tukiwa na matawi mikononi, kwamba Bwana asulubiwe. Hakuna katekista aliyewahi kutuuliza kwanza kama tunaamini tunayoyasema. Tukisema hatuamini, je, tutolewe nje? Tukisema tunaamini, ndipo tungestahili kutolewa.

Na Maandiko hayaoni haya kumsifu mtu aliyeigiza. Katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 14, Yoabu anamwita mwanamke wa Tekoa, anamwambia avae nguo za matanga na asijipake mafuta, kisha anamtia maneno kinywani. Mwanamke anakwenda mbele ya mfalme Daudi na kulia msiba wa watoto wawili, mmoja akiwa amemuua mwenzake. Msiba ule ulikuwa wa kutungwa. Mfalme anatoa hukumu, kisha anagundua kwamba amejihukumu mwenyewe kwa habari za mwanawe Absalomu. Maandiko yanamwita mwanamke huyo mwenye hekima.

Sasa tuje kwenye jambo litakalowauma baadhi yetu. Ile filamu ya Yesu, ambayo katika vijiji vingi vya Tanzania ilioneshwa usiku uwanjani, jenereta likinguruma na kitambaa cheupe kimefungwa kwenye miti miwili, ilitolewa mwaka 1979 kwa kufuata Injili ya Luka. Imetiwa sauti kwa lugha zaidi ya 2,000, Kiswahili kikiwemo. Watu wazima walilia mbele yake. Aliyemcheza Bwana ni Brian Deacon, mwigizaji Mwingereza ambaye kazi yake ilikuwa hiyohiyo ya kuigiza. Mtayarishaji wake, John Heyman, alikuwa Myahudi aliyezaliwa Leipzig. Ilipigwa Israeli, na wengi wa waliowacheza mitume na umati walikuwa Waisraeli. Kwa kanuni tunayoipinga hapa, filamu ile isingetengenezwa kabisa. Au tuwaambie waliotubu usiku ule warudi nyumbani, kwa sababu mtayarishaji hakubatizwa?

Upande wa pili wa kanuni una hatari yake, na Watanzania tumeiona. Steven Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, siku ya Jumamosi Kuu. Taifa zima lililia. Lakini kabla machozi hayajakauka ilizuka minong'ono mitaani kwamba alikuwa Freemason, na filamu ya Devil Kingdom, aliyoicheza pamoja na Ramsey Nouah wa Nigeria, ikashikwa kuwa ushahidi. Marehemu hakuweza kujitetea. Tulichomfanyia Kanumba ndicho tunachomfanyia kijana wa jumuiya anayecheza Yuda, ila Kanumba alifanyiwa na nchi nzima.

Kwa habari ya mganga tuna la kusema zaidi, maana hapa ndipo igizo zetu zinapoharibika. Muumini mwema anapopewa nafasi hiyo, huogopa wasije wakadhani anaijua njia ya kwenda kwa mganga. Basi humcheza kama kichaa: macho yamemtoka, manyoya kichwani, sauti ya kukoroma. Watoto wanacheka, wazee wanapiga makofi, na kila mtu anakwenda nyumbani salama. Lakini mganga anayewachukua watu wetu hafanani na huyo hata kidogo. Anakukaribisha kwa heshima, anakuwekea kiti, anakuuliza hali ya watoto na bei ya korosho. Anakusikiliza kwa muda mrefu kuliko sisi tunavyosikilizana jumuiyani. Ndiyo maana watu wanarudi kwake! Mchezaji akimwonesha hivyo, aliyeketi mstari wa tatu, ambaye juzi tu alitoka huko, atainamisha kichwa. Akimwonesha kama kichaa, mtu huyo atajisemea kwamba wa kwake si kama huyu. Kinachotakiwa kwa mwigizaji ni kumwelewa mtu hadi mwisho. Kuelewa si kukubali, na aliyeelewa ndiye anayeweza kutuonya.

Tunaambiwa vilevile kwamba asiyeamini atayatia unajisi mambo matakatifu. Tuwakumbushe historia ya Mtakatifu Genesio, ambaye Kanisa humkumbuka tarehe 25 Agosti kama msimamizi wa waigizaji. Inasimuliwa kwamba alikuwa mwigizaji mpagani huko Roma, akiigiza ubatizo kwa dhihaka mbele ya Kaisari Diokletiano, na katikati ya mchezo akaamini kweli, akalipa kwa damu. Kwa masharti yetu ya leo Genesio angekatwa jina siku ya kwanza ya mazoezi. Hatusemi tumwalike kijana wa Kiislamu wa jirani ili tumtegee mtego. Hilo lingekuwa hila. Familia nyingi za kusini zina majina ya dini mbili katika nyumba moja, na zimeishi kwa kuaminiana. Tunasema tu kwamba akipenda kushiriki, na wazazi wake wakiridhia, imani yake isiwe kufuli.

Wabenediktini walioanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906 walitoka Mtakatifu Otilia, katika jimbo la Bavaria, Ujerumani. Katika Bavaria hiyohiyo kuna kijiji cha Oberammergau, ambacho watu wake waliweka nadhiri wakati wa tauni ya mwaka 1633, na tangu 1634 huigiza Mateso ya Bwana, kwa kawaida kila baada ya miaka 10. Kwa muda mrefu nafasi kubwa zilikuwa za Wakatoliki peke yao. Mwaka 2022, mmoja wa wachezaji wawili wa Yuda alikuwa kijana Mwislamu, Cengiz Görür, na msaidizi wa mwongozaji, Abdullah Karaca, naye ni Mwislamu. Mtu atasema: kumbe wamempa Mwislamu Yuda! Tulidhani hivyo pia, hadi tulipotambua kwamba Yuda ni miongoni mwa nafasi ngumu na kubwa kuliko zote katika igizo lile. Hapewi mtu wa kudharauliwa. Nadhiri ya mababu haikuvunjika. Imetunzwa na watoto wote wa kijiji.

Mipaka ipo, na hatuifichi. Sakramenti haiigizwi altareni kana kwamba ni mchezo. Asiyetaka kutamka neno fulani kwa sababu dhamiri yake inamsuta, asilazimishwe, awe Mkristo au la. Na anayekuja kwa kusudi la kukejeli aambiwe aende zake, hata kama ana kipaimara na kadi ya zaka iliyojaa.

Tunachoomba kwa Kwaresima ijayo ni kidogo. Majina yaitwe hadharani, kila mmoja asome kipande mbele ya wenzake, na nafasi zigawiwe kwa sauti, kumbukumbu na bidii ya mazoezi. Kijana bora kuliko wote apewe Yuda walau mara moja, ili tuone Yuda anayelia kweli. Na Jumapili ya Pasaka, tunapotoka kanisani, huyo aitwe kwa jina lake la ubatizo, au kwa jina lolote alilopewa na baba yake.