Binti wa mwenzetu tunamtuza, wetu tunamfungia mlango

Wiki hii sizungumzii mikato ya magauni ya harusi, ingawa maharusi wa mwezi ujao mnaniandama kwenye simu. Nazungumzia gauni moja la kijani nililoshona hapa dukani kwangu Makoroboi, Mwanza, ambalo limenigombanisha na rafiki yangu.

Mwenye gauni ni mtoto wa huyo rafiki. Anasoma sanaa za maonyesho TaSUBa, Bagamoyo, ile taasisi iliyoanza mwaka 1981 ikiitwa Chuo cha Sanaa. Alirudi likizo akaniambia, "Mama mdogo, kuna usaili wa mchezo wa kuigiza wenye nyimbo. Nataka nguo inisitiri, lakini nikiinua mikono isinibane." Nikampima. Jioni mama yake akanipigia, hata salamu hakumaliza: kwa nini namsaidia mwanawe kupotea?

Simlaumu kwa kuogopa. Mimi pia ni mama. Na katika dini mimi ni fundi cherehani tu, si mwanachuoni. Najua wapo masheikh wanaokataza ala zote isipokuwa dufu, na wapo wanaotazama kwanza maneno ya wimbo na mahali unapoimbwa. Hilo binti akaulize kwa ustadhi anayemwamini, na akiulizwa aeleze kila kitu bila kuficha.

Ninachokataa ni unafiki wetu. Rafiki yangu huyu huyu alipomwozesha binti yake mkubwa, alikodi kikundi cha taarabu. Nilimwona kwa macho yangu akimtuza mwimbaji mpaka noti zikamwishia, akaja kuniazima elfu kumi! Yule mwimbaji naye si ana mama?

Siti binti Saad alizaliwa Fumba katika nyumba ya wafinyanzi, akauza vyungu kabla mji haujaijua sauti yake. Mwaka 1928 alivuka bahari hadi Bombay kurekodi santuri, na Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Bi Kidude, yaani Fatma binti Baraka, aliyefariki Aprili 2013, aliimba dunia nzima na huku akiwafunda wari kwenye unyago. (Sigara yake sitaitetea.) Leo tunawataja hao kwa fahari mbele ya wageni. Angekuwa binti yako ndiye anayeaga kwenda Bombay, ungemtafutia sanduku au ungemfungia chumbani?

Na huku kwetu Usukumani ngoma haikuletwa na televisheni. Nenda Kisesa, pale Bujora, msimu wa Bulabo mwezi Juni, uone Bagika na Bagalu wanavyoshindana. Mabinti wamo.

Mimi wimbo haunitishi kama anavyonitisha mtu anayemwambia binti, "Njoo usiku nilikofikia, nikusikilize vizuri." Huyo yupo kwenye sanaa, yupo maofisini, na hata kwenye kazi yetu ya nguo nimeshakutana naye, nilipokuwa natafuta mtu wa kunikopesha mtaji. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, inasema kudai ngono ili umpe mtu nafasi ni kosa, na TAKUKURU wanapokea simu bure kwa namba 113. Lakini kabla ya 113, binti humpigia mama. Aliyetoroka nyumbani kwenda kwenye usaili atampigiaje, wakati anajua jibu litakuwa "nilikwambia"? Atanyamaza, na mtu yule anaujua ukimya huo, ndiyo maana anawapenda mabinti waliokuja peke yao.

Kwa hiyo nilimwambia rafiki yangu: nenda naye. Kaa nje ya mlango wa usaili na tasbihi yako, uone nani anaingia na nani anatoka. Akipata nafasi, soma mkataba, uliza watalala wapi na watarudishwa saa ngapi.

Binti naye sikumwacha. Nilimwambia aseme habari ya mtandio wake siku ya kwanza, asisubiri wiki ya onyesho ndipo awahangaishe watu. Aombe mchezo mzima ausome, si ukurasa wake tu. Na kama kuna mahali pa kukumbatiana na mwanamume, akatae mapema, hata nafasi ikienda. Alinuna! Alidhani mimi ni wa upande wake kwa kila jambo.

Gauni lenyewe nimelishona kwa krepu, maana satini inang'aa mno chini ya taa. Mikono inabana kwenye vifundo isiteleze kurudi nyuma. Kwapani nimeongeza kipande cha pembe nne, ndicho kinachozuia gauni lisipande juu mikono ikiinuka. Maharusi mnaopenda kucheza, mwambieni fundi wenu.

Juzi mama mtu alikuja dukani. Hakukaa. Alishika upindo, akaugeuza kuangalia mshono, kisha akaniuliza basi la Dar linaondoka saa ngapi na tiketi za watu wawili ni kiasi gani. Nikamwambia gauni bado halijapigwa pasi, arudi Alhamisi.