Ajali Ina Kinga



Kila mwaka Novemba ikielekea ukingoni, sisi wa Chaussée d'Ixelles huanza kutazama juu. Kabla theluji ya kwanza haijagusa paa la Galerie d'Ixelles, tumekwisha kuambiwa. Taasisi ya Kifalme ya Hali ya Hewa, iliyo hapo Uccle, hutoa rangi zake: kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Tunajua kama basi namba 71 huenda likachelewa na kama mteremko wa kushuka Flagey utateleza. Mama wa saluni anajua avae viatu gani. Yote hayo kwa sababu ya theluji ya sentimita tatu, ambayo saa sita mchana imekwisha kuwa tope.

Hatulalamiki kuonywa. Tunalalamikia jambo jingine. Simu ikilia usiku kutoka Goma, Bukavu au Mwanza kwamba boti imezama, jibu letu ni lile lile: "Ajali haina kinga." Tunachanga, tunaweka picha ya marehemu mezani, tunalia, tunakula, tunarudi makwetu. Leo tunasema waziwazi: methali hiyo ikisemwa juu ya maziwa yetu ni uongo, na sisi ni miongoni mwa wanaoulea.

Tuwatazame ndugu zetu wa Buffalo, jimbo la New York, mji uliopokea Wakongomani wengi. Mwanzoni mwa majira ya baridi, Ziwa Erie bado lina joto la kiangazi na halijaganda. Upepo wa baridi ukipita juu yake hunyonya joto na unyevu, kisha huumwaga nchi kavu kama theluji, katika ukanda mwembamba: mtaa huu unafukiwa, mtaa wa pili una jua. Novemba 2022, Orchard Park, jirani na Buffalo, ilipata karibu mita 2 kwa siku chache. Onyo lilikuwa limetangulia. Magari yalizuiwa barabarani, na hata mechi ya timu yao ilihamishiwa Detroit. Mwezi uliofuata ikaja dhoruba nyingine. Utabiri ulikuwepo, lakini amri ya kuzuia magari ilitoka asubuhi ile ile dhoruba ilipoingia, na zaidi ya watu 40 wakafa. Basi utabiri peke yake hauokoi mtu. Anayeokoa ni yule anayeutii kwa wakati na yule mwenye mamlaka ya kusema "leo hakuna safari".

Sasa turudi kwetu. Ziwa Victoria halina theluji, lakini kanuni inafanana: maji yenye joto, na hewa iliyopoa kuliko maji. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa likabaki na joto lake. Pepo za kutoka pande zote za ufuko hukutana katikati, hewa yenye unyevu ikapanda juu, na kabla ya alfajiri radi zinapasua anga. Saa hizo ndizo mvuvi wa dagaa yuko majini na taa yake.

Nani anasema haitabiriki? Mwaka 2016 na 2017, Wim Thiery, ambaye sasa yuko Vrije Universiteit Brussel, na wenzake walichapisha tafiti kuhusu dhoruba hizo. Kwa kutumia picha za setilaiti walionyesha kwamba mvua za radi za alasiri kwenye nchi kavu kuzunguka ziwa zinaeleza mengi kuhusu ukali wa usiku utakaofuata juu ya maji. Chuo hicho kimo katika komuni yetu hii ya Ixelles! Kutoka Matonge unaweza kwenda kwa miguu. Kisha, kati ya 2017 na 2021, mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, kwa fedha za Uingereza, uliziwezesha Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda kuboresha utabiri kwa watu wa ziwani. Tathmini yake ilisema vifo vitokanavyo na hali ya hewa vilipungua kwa takriban asilimia 30. Hiyo si kinga?

Kongo haikuwamo katika orodha hiyo. Aprili 2019 boti ilizama Ziwa Kivu upande wa Kalehe, na Rais Tshisekedi alitaja watu 150 waliopotea. Akaagiza abiria wavae majaketi ya kujiokolea. Oktoba 2024 boti nyingine, iliyotoka Minova ikiwa imejaa kupita kiasi, ikazama karibu na bandari ya Kituku, watu wakitazama.

Tutaambiwa: "Watu wanakufa kwa risasi, ninyi mnazungumza mawingu." Tunajibu: ni risasi hizo hizo zilizofunga barabara ya Minova na kuwasukuma watu majini. Vita ikifunga njia ya nchi kavu, ziwa ndilo barabara, na barabara inahitaji onyo kama hii yetu ya Chaussée d'Ixelles.

Madai yetu ni mepesi kueleza. Utabiri wa Ziwa Kivu na Tanganyika, kwa Kiswahili, redioni, kabla boti hazijang'oa nanga. Msimamizi wa bandari mwenye uwezo wa kuzuia boti, iwe ni kwa upepo au kwa shehena. Wenye fedha za misaada wako mtaa wa pili, kwenye majengo ya Umoja wa Ulaya. Tuwabishie hodi.

Lakini tuanze na nafsi zetu. Ni sisi tunaompigia shangazi simu: "Panda boti ya leo leo, uwahi pesa kabla hawajafunga." Tumewahi kumwuliza mawingu yakoje? Boti imepakia watu wangapi? Jaketi analo?

Mkutano ujao wa jumuiya, kabla ya hesabu ya michango ya misiba, tunaomba ajenda hii iwekwe ya kwanza. Tumechangia majeneza ya kutosha. Safari hii tuchangie redio.