Jina Geni: Zawadi au Mzigo?

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Je, jina geni nalo? Wapenzi wasomaji, mimi silipingi. Majina mengi tuliyoyazoea yalikuwa habari ya siku ile. Okoth na Wafula walizaliwa wakati wa mvua, Otieno usiku, Mwanaidi siku ya Idi. Hata Novemba 2008, Barack Obama aliposhinda urais wa Marekani, baadhi ya akina mama kule Kisumu waliwaita watoto wao Barack na Michelle. Sawa kabisa! Mtoto akiuliza, ana hadithi ya kusimuliwa.

Ninalolipinga ni mzazi kumbandika mtoto machungu yake. Darasani mwetu kuna mwenzetu aitwaye Shida. Mwalimu akisoma rejista, "Shida!", walio nyuma huitikia, "Hatuna!" Kicheko. Yeye pia hucheka, lakini mimi ninayeketi naye dawati moja humwona anavyoinamisha kichwa. Shida zile zilikuwa za babake, tena zilikwisha zamani. Jina limebaki.

Mtasema, basi alibadilishe. Si rahisi hivyo, jamani! Kuna wakili wa kulipwa, kisha jina litangazwe katika Gazeti Rasmi la Serikali.

Kwa hivyo wazazi, kabla ya kuliandikisha jina, liiteni kwa sauti, kama mwalimu mbele ya wanafunzi arobaini. Likiwatia haya nyinyi, je, yeye atakayeliitikia maisha yake yote?