Wape mwaka mmoja, lakini shika jembe

Tafakari ya leo inatoka mbali kidogo, Australia, na inahusu mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuutazama. Nivumilie aya chache za mwanzo, utaona kwa nini nimekupeleka huko.

Katika jiji la Perth, magharibi ya nchi hiyo, kuna klabu inayoitwa West Coast Eagles. Inacheza mpira wa Kiaustralia, ule unaochezwa kwa mikono na miguu, wachezaji 18 kila upande, na goli moja lina pointi 6. Mwaka 2018 klabu hii ilikuwa bingwa. Juni 2023 ilikwenda Sydney ikachapwa kwa tofauti ya pointi 171. Msimu wa 2025 ilicheza mechi 23 na kushinda moja tu.

Ukiwasikiliza mashabiki wa timu ya namna hiyo baada ya mechi, utagundua jambo. Wakishamaliza kumlaumu kocha na mwamuzi, mazungumzo huhamia kwa vijana. Yule wa miaka 19 amekimbia mpaka dakika ya mwisho. Huyu ana mikono mizuri, akijenga mwili atafika mbali. Yule mwingine mwoga, hana lolote, aachwe. Msimamo wa ligi unawaonyesha aibu, wao wanahesabu miaka: huyu akifikisha 22, yule akifikisha 23, hapo na sisi tutaonekana watu.

Usiwacheke. Sisi nasi tunafanya hivyo, tena ndani ya kanisa. Wakubwa tukishindwa, macho yetu hugeukia watoto.

Mashabiki hao wana sababu ya kuwatazama vijana kwa jicho hilo. Katika ligi yao kuu, AFL, timu ya mwisho haishuki daraja. Tena klabu tajiri haiwezi tu kufungua mfuko na kusomba kila kijana inayemtamani. Kila mwisho wa mwaka vijana, wengi wao wa miaka 18, huchaguliwa na klabu kwa zamu. Kwa kawaida aliyeshika mkia huchagua kwanza, na bingwa husubiri mwisho. Nia ni njema, wanyonge wainuliwe. West Coast, mwaka uleule wa kuchapwa pointi 171, ndio waliochagua kwanza, wakamchukua Harley Reid, kijana wa miaka 18 aliyekuwa akizungumzwa nchi nzima kabla hajacheza mechi moja ya ligi kuu.

Hapo ndipo hatari inapojificha. Kijana anafika kama fidia. Anakabidhiwa watu waliolia, na kabla hata hajajifunza kazi iliyompeleka, anatakiwa awafute machozi.

Klabu ya Melbourne iliyaona haya mapema. Mwaka 2008 ilichagua ya kwanza, ikamchukua Jack Watts. Mwaka uliofuata ikachagua wa kwanza na wa pili pia, Tom Scully na Jack Trengove. Vijana watatu waliosifiwa kuliko wenzao, ndani ya miaka miwili. Mashabiki wakaanza kuota. Julai 30, 2011, timu hiyo ilikwenda Geelong ikachapwa kwa tofauti ya pointi 186, na mara kocha akafutwa kazi. Scully akaondoka mwisho wa msimu huo. Trengove, akiwa na miaka 20, akapewa unahodha pamoja na mwenzake mwaka 2012. Hakuna nahodha mwenye umri mdogo kama huo aliyewahi kutokea katika ligi hiyo kabla yake. Watts alicheza mechi yake ya kwanza akiwa na miaka 18, siku ya sikukuu, mbele ya umati mkubwa, na kwa miaka mingi baadaye kila kosa lake lilipimwa kwa ile namba moja aliyochaguliwa nayo. Mwisho wa 2017 naye akahamia kwingine.

Hebu tafakari hapo. Vijana walikuwepo, wenye vipaji, waliotafutwa kwa bidii na kuchaguliwa mbele ya wote. Ikiwa klabu inafika mahali pa kumtwika unahodha mtoto wa miaka 20, swali la kwanza halimhusu mtoto. Linawahusu wakubwa: wako wapi wa kutembea mbele yake?

Na macho ya wanaopima nayo yana mipaka. Mwaka uleule wa 2009, Melbourne ilimchukua pia kijana mmoja mrefu mno, Max Gawn. Zamu yake ilikuwa ya 34, maana yake walimtangulia vijana 33. Aliumia goti, akakaa nje kwa muda mrefu. Septemba 25, 2021, Melbourne ilipotwaa ubingwa wake wa kwanza tangu 1964, nahodha aliyeinua kombe alikuwa huyo wa 34.

Yupo mwingine anayetugusa watu wa Afrika Mashariki. Aliir Aliir alizaliwa katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Turkana, kaskazini mwa Kenya, kwa wazazi kutoka Sudan Kusini. Alifika Australia akiwa mtoto, mchezo wenyewe akaujulia huko. Mwaka 2013 klabu ya Sydney ilimchagua, zamu ya 44, na hakucheza mechi ya ligi kuu mpaka 2016. Mwaka 2021, akiwa na klabu ya Port Adelaide, aliingizwa katika kikosi cha wachezaji bora wa msimu wa nchi nzima. Nani aliyepita Kakuma miaka ile, katika lile vumbi, akamwonyesha kidole mtoto yule?

Mpendwa, Bwana wetu alitoa mfano unaofaa sana hapa, nao uko Luka 13:6-9. Mtu alikuwa na mtini katika shamba lake la mizabibu. Miaka mitatu alikwenda kutafuta matunda asipate. Akamwambia mtunza shamba aukate, usiendelee kuichosha ardhi. Mtunza shamba akamwomba auache mwaka mmoja zaidi, yeye ataupalilia na kuutia samadi. Ukizaa, vema. Usipozaa, basi ukatwe.

Tazama mambo matatu katika mfano huo.

La kwanza, mwenye shamba hakukosea kwenda kukagua. Kupima si dhambi. Shabiki anayesema kijana fulani bado hajui kukaba anasema kweli, na kweli inamsaidia kijana. Hata mtunza shamba hakubisha. Hakudai kwamba matunda yapo ila bwana wake hakuyaona. Tunawakosea watoto wetu pia tunapowasifu kwa uongo, na wahenga walishatuonya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

La pili, aliyeomba muda ndiye aliyejitolea kufanya kazi. Hapa ndipo wengi wetu tunapoteleza. Tunasema kwa upole, "Tuwape vijana muda," kisha tunarudi kukaa kivulini kusubiri matunda. Muda peke yake haukuzi mti uliosongwa na magugu. Yule mtu aliomba mwaka mmoja na kuutaja mzigo wake mwenyewe: nitapalilia, nitatia samadi. Samadi inachafua mikono, na kupalilia kunaumiza mgongo.

La tatu, Yesu hakutuambia kama ule mti ulizaa. Mfano unaishia kwenye ahadi ya mtunza shamba. Maana yake ni kwamba juhudi ya kulea haiweki dhamana ya matokeo. Katika Australia, vijana wengi wanaochaguliwa kwa shangwe huondoka baada ya misimu michache bila kutimiza yaliyotabiriwa. Huyo naye ni mwana wa mtu, ana maisha marefu mbele yake, na Mungu hakumuumba ili amalize ukame wa klabu fulani.

Biblia inatupa pia kijana aliyepimwa akaonekana hafai. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba njiani, akarudi Yerusalemu. Safari nyingine ilipopangwa, Barnaba alitaka kumchukua tena, Paulo akakataa. Ubishi ukawa mkali hata wale watumishi wawili wakatengana (Matendo 15:37-39). Sisomi popote kwamba hoja ya Paulo ilikuwa ya uongo, maana kijana alikuwa ameondoka kweli. Lakini Barnaba alimchukua, akasafiri naye. Miaka baadaye, Paulo akiwa mfungwa, anamwandikia Timotheo amlete Marko, kwa kuwa anamfaa katika utumishi (2 Timotheo 4:11). Kanisa limeendelea kuisoma Injili yenye jina la kijana huyo. Katikati ya kukataliwa na kuitwa tena, palikuwa na mtu mzima mmoja aliyekubali kutembea na aliyeshindwa.

Melbourne nayo ilikuwa na Marko wake. Jim Stynes alitoka Dublin, Ireland, akiwa na miaka 18, kwenda kujifunza mchezo ambao hakukulia ndani yake. Mwaka 1987, akiwa na miaka 21 na katika msimu wake wa kwanza wa ligi kuu, timu ilifika hatua ya mwisho kabla ya fainali kuu, fainali ambayo Melbourne haikuwa imeicheza tangu 1964. Sekunde za mwisho Melbourne inaongoza, mpinzani wa Hawthorn amepewa mpira wa adhabu. Stynes akakatiza mbele yake, jambo ambalo sheria inakataza. Mwamuzi akamsogeza mpigaji mita 15 karibu na goli. Muda ukaisha, mpira ukapigwa, ukaingia. Hawthorn wakashinda kwa pointi 2.

Fikiri jinsi ambavyo kijana huyo angeweza kupimwa usiku ule. Mgeni, hajui hata sheria, ametugharimu fainali. Klabu haikumtupa. Mwaka 1991 alipata medali ya Brownlow, tuzo ya mchezaji bora na mwadilifu wa ligi. Alicheza mechi 244 mfululizo bila kukosa hata moja, rekodi ya ligi. Mwaka 1994 alishiriki kuanzisha taasisi ya Reach ya kuwasaidia vijana. Mwaka 2008 akawa rais wa klabu ileile, na alikuwa bado kwenye kiti hicho, mgonjwa wa saratani, siku timu ilipochapwa pointi 186. Alifariki Machi 2012 akiwa na miaka 45, na jimbo la Victoria likamfanyia mazishi ya heshima. Mti ulioachwa mwaka mmoja ukageuka kuwa mtunza shamba wa miti mingine.

Sasa turudi nyumbani. Matokeo ya Kidato cha Nne yakitoka, mtaani huwa tunafanya kikao kilekile cha mashabiki. Huyu atafika chuo kikuu, yule kwisha habari yake. Kuna kijana wa kwaya aliyekosea siku ya mashindano, mpaka leo hapewi wimbo wa kuongoza. Kuna binti aliyepata mimba, akatengwa, akatubu, akarejeshwa kwa mdomo, lakini hakuna anayekaa naye kiti kimoja. Na upande wa pili yupo yule aliyefaulu vizuri mno, ambaye baba anataka asomee udaktari alioukosa yeye, na ukoo mzima umeshamgawanya kabla hajapata mshahara wa kwanza. Mmoja amekatwa kwa shoka, mwingine anatikiswa atoe matunda kabla ya msimu. Wote wawili hawajapaliliwa.

Kwa hiyo, mpendwa, leo ibada ikiisha, kabla hujasema neno juu ya kijana yeyote wa usharika au jumuiya yako, jiulize: je, ninamtazama yeye, au ninatafuta dawa ya kushindwa kwangu? Je, ninamjua kwa jina, au ninajua kosa lake tu? Na kama nimeomba apewe mwaka mmoja, jembe langu liko wapi?

Chagua mmoja. Mtembelee wiki hii. Mfundishe unachokijua, iwe hesabu, iwe ushonaji, iwe kuomba. Mwambie ukweli kuhusu alipokosea, halafu rudi tena wiki ijayo, na ile inayofuata. Ukizaa, vema. Usipozaa, Bwana wa shamba ataona udongo kwenye mikono yako.

Mungu atupe subira ya mtunza shamba na macho ya Barnaba. Jumapili njema.