Kurudia Si Kunakili

Wapo wanaodai kwamba mchoraji wa Tingatinga si msanii, bali ni mnakili tu. Hoja yao ni kwamba pale Morogoro Stores, Oysterbay, wilayani Kinondoni, kila kukicha hupaka rangi ya usuli, akangoja ikauke, kisha akachora tembo na chui wale wale wa jana.

Hoja hiyo haina mashiko. Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka 1972, alichora juu ya vibao vya dari kwa rangi ya baiskeli. Rangi hiyo haiharakishwi. Humfundisha mchoraji subira, na kurudia ndiko kunakoukomaza mkono. Mbona mshairi, anayeirudia mizani nane kwa nane maisha yake yote, haitwi mnakili? Bahari moja huvukwa na vyombo vingi.

Dhuluma iko kwingine: kwa muuzaji anayeiita picha “Tingatinga” tu, asimtaje aliyeichora. Hilo ni jina la mwasisi na la mtindo. Si jina la kila mkono ulioufuata. Mshairi hulitia jina lake katika ubeti wa tamati, na mhariri mwungwana haukati. Mchoraji naye apewe haki iyo hiyo.