Gurudumu Moja, Mikono Miwili



Tangu Idi iliyopita tumepokea maswali mengi kuhusu ile baskeli ya gurudumu moja ambayo kijana mmoja wa jamaa zetu wa Ibra huonekana akiipanda jioni katika uwanja ulio nyuma ya nyumba yao. Kina mama wanauliza kama chombo hicho kina usalama. Vijana wanauliza jingine kabisa: ni mambo gani ya ajabu mtu aweza kuyafanya akiwa juu yake? Mwezi huu tutawajibu wote, lakini kwanza yatupasa tukiri kosa letu.

Kijana huyo ana umri wa miaka 13. Alihamia hapa pamoja na wazazi wake kutoka Mombasa, na Kiarabu alichokuja nacho kilikuwa cha madrasa: kusoma anasoma vizuri, lakini wenzake wakizungumza upesi, maneno humpita. Wakati wa mapumziko skuli alikuwa akikaa peke yake. Ami yake aishiye Uingereza ndiye aliyemletea chombo hicho, naye akaanza kujifunza kwa kushikilia ukuta. Siku ya tatu alianguka akavunjika kifundo cha mkono. Baba yake alikuja barazani kwetu kutaka shauri, nasi, watu wenye mvi, tukamwambia: "Kifungie stoo. Mtoto asiye na marafiki hahitaji kitu cha kumfanya achekwe zaidi." Kikafungiwa, nasi tukaona tumesema la busara.

Miezi minne baadaye tulikwenda pamoja kutazama ardha ya farasi. Wasomaji wa Sharqiyah hawahitaji kuelezwa, lakini kwa ajili ya walio mbali tuseme kwamba ardha ni maonyesho ya farasi na ngamia yafanywayo siku za sherehe, nayo mwaka 2018 iliingizwa na UNESCO katika orodha yake ya urithi wa wanadamu usioshikika kwa mkono. Mnyama huvikwa mapambo ya fedha na nakshi za uzi, kazi ya mikono ya wanaume na wanawake. Farasi hufundishwa kulala chini kwa amri ya bwana wake. Kisha huja lile ambalo watu wote hulingojea: wapandaji wawili huja mbio sambamba, hunyanyuka, wakasimama wima juu ya migongo ya farasi, na mmoja akaunyosha mkono kumshika mwenziwe, hali farasi wanakwenda kasi.

Sote tulipiga makofi. Kijana wetu, aliyekuwa amesimama baina ya baba yake na sisi, akatuuliza kwa adabu: "Babu, na hawa walipoanguka mara ya kwanza, farasi wao walifungiwa?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule ule stoo ilifunguliwa, na sisi wenyewe tulikuwapo mlango ulipofunguliwa.

Basi sasa tuje kwenye chombo chenyewe. Baskeli ya gurudumu moja haina usukani, haina mnyororo wala breki. Pedali zimeungwa moja kwa moja na kitovu cha gurudumu, hivyo miguu ikienda mbele nalo huenda mbele, miguu ikirudi nyuma nalo hurudi, na miguu ikisimama nalo husimama. Hapana kuteleza bure kama katika baskeli ya kawaida. Mpandaji akiinama mbele, hulazimika kukanyaga ili gurudumu limfuate chini yake. Huo ndio msingi, na mengine yote ni matawi yake. Kwa kujifunzia na kwa michezo, gurudumu la inchi 20 ndilo lifaalo. Kiti kipandishwe hata, chombo kikisimamishwa mbele ya mtoto, kifikie kitovu cha tumbo lake. Kwa kawaida mtu huhitaji saa zipatazo kumi hadi kumi na tano za mazoezi kabla ya kwenda masafa ya kuridhisha, na bora zigawanywe siku nyingi, nusu saa nusu saa. Bandu bandu huisha gogo.

Wazee wetu walisema: kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma. Kwa hivyo jambo la kwanza la kujifunza ni kushuka. Mpandaji aache kiti kianguke nyuma, naye atue mbele kwa miguu yake miwili. Afanye hivyo mara 20 kabla ya kujaribu kwenda popote. Mtoto ajuaye kushuka haogopi kupanda, na asiyeogopa haukazi mwili.

Akishaweza kwenda, kuzunguka na kushuka bila ya msaada, na ajaribu haya yafuatayo kwa utaratibu huu.

La kwanza ni kusimama papo hapo. Kwa kuwa chombo hakiwezi kutulia tuli, mpandaji hukanyaga nusu mzunguko mbele na nusu mzunguko nyuma, mguu mmoja ukiwa chini kama timazi ya saa ya ukutani. Aanze karibu na ukuta au nguzo. Ajuaye hili aweza kumsalimia mzee apitaye njiani bila ya kuteremka.

La pili ni kurudi nyuma. Hutokana na lile la kwanza: ule mwendo wa nyuma huongezwa kidogo kidogo mpaka ukawa mzunguko mzima, kisha miwili. Kabla ya kuanza, lazima pawe na mtu wa kuhakikisha kwamba nyuma hapana mtoto wala gari.

La tatu ni kuruka. Pedali huwekwa sawa, moja mbele na moja nyuma, mkono mmoja hushika kiti kwa mbele, na mpandaji huruka pamoja na chombo kama chura. Akizoea, wenziwe wawili wamzungushie kamba aruke. Mchezo wa kamba ambao mabinti zetu wanaujua tangu udogo huwa ajabu mpya kabisa ukichezwa juu ya gurudumu.

La nne ni mguu mmoja. Mguu wa pili huwekwa juu ya uma wa chuma unaoshika gurudumu, na mguu uliobaki hupiga pedali kwa nguvu ya kutosha kuizungusha mpaka irudi juu yenyewe. Uzito wote ukae juu ya kiti. Katika haya manne, hili ndilo gumu kuliko yote.

La tano ni kutembea juu ya tairi. Miguu yote miwili huziacha pedali, na nyayo huusukuma mpira wenyewe kwa kupokezana, hatua fupi fupi. Hili ni la waliobobea, nalo lataka viatu vyenye soli isiyoteleza.

La sita ni la kufurahisha wageni. Mpandaji azungushe hewani ndimu tatu, au abebe sinia yenye vikombe vya kahawa. Tunashauri vikombe viwe vitupu mwezi wa kwanza. Kijana wetu alijaribu na vilivyojaa, na mama yake ana neno la kusema juu ya kanzu iliyoharibika.

Kuhusu kanzu, jambo hili si la mzaha. Mtu asipande chombo hiki akiwa amevaa kanzu, buibui wala nguo yoyote inayoning'inia, kwani pindo huingia katika njiti za gurudumu. Avae suruali, viatu vya kufunga kamba wala si ndara, kofia ngumu kichwani, na vikinga vya vifundo vya mikono. Mkono uliovunjika ulivunjika kwa kukosa vikinga hivyo. Asipande barabarani penye magari. Wa Nizwa wasipande ukingoni mwa falaji, na wa Sur wajiepushe na kuta za bandarini. Majira ya joto, lami huunguza hata Alasiri, basi bora wangojee jua lishuke.

Wapo waliotuuliza kama mchezo huu unawafaa wasichana. Twajibu kwamba nchini Japani baskeli hizi hupatikana katika viwanja vya skuli nyingi za msingi, na wapandaji walio wengi ni wasichana. Palipo ua na nguo ya stara isiyoning'inia, hatuoni kizuizi.

Tumebakiza la saba, nalo hatukulisoma popote. Jioni moja, mtoto wa jirani, Mwarabu wa hapa Ibra ambaye jamaa zake ni watu wa farasi, alikuja kusimama ukingoni mwa uwanja. Alitazama siku mbili bila ya kusema neno. Siku ya tatu alikwenda mbio kando ya baskeli, akaunyosha mkono wake kama wanyooshavyo wapandaji wa ardha, na kijana wetu akaushika. Walikwenda hivyo, mmoja juu na mmoja chini, mpaka mwisho wa uwanja. Kabla ya siku hiyo kijana wetu hakupata kufika mwisho wa uwanja bila ya kuanguka.

Sasa wanapokezana chombo kimoja, na baba wa mtoto wa pili ameagiza kingine. Wanasema lengo lao ni kwenda sambamba, kila mmoja juu ya gurudumu lake, wakiwa wameshikana mikono. Mchezo huo wameuita ardha. Kanuni yao ni hii: mkono ushikwe kwa ulaini, na anayehisi anaanguka aachie upesi, asimvute mwenziwe. Kwa ajili hiyo neno la kwanza la Kiswahili alilojifunza yule mtoto wa jirani ni "Achia!" Hulitamka kwa sauti kubwa, na mara nyingine hulitumia mahali pasipo pake, hata mezani. Kiarabu cha kijana wetu bado kina makosa, lakini sasa hukosea mbele ya mtu anayemsahihisha, na mapumziko skuli hakai tena peke yake.

Hatusemi kwamba kila mtoto mpweke anunuliwe gurudumu. Mwingine dawa yake ni mpira, mwingine ni kusoma, mwingine ni kuogelea. Tunalosema ni kwamba sisi tuliuona mkono uliovunjika tukafikiri tumeona jambo zima. Baba wa mtoto alitutegemea kwa shauri, nasi tulimpa khofu yetu tukaiita busara. Ametusamehe. Kijana naye ametusamehe, ingawa kila atuonapo barazani hupita mbele yetu polepole, akarudi nyuma mizunguko mitatu, akatutolea salamu, kisha akaenda zake. Adhabu hiyo tunaistahiki.

Picha yao tulitaka kuiweka hapa, lakini mashine yetu ya fotokopi hugeuza nyuso zote kuwa wino mtupu. Anayetaka kuwaona na aje Ibra Ijumaa baada ya Alasiri. Na wazazi wenye watoto wenye ujuzi mwingine wa ajabu watuletee habari zao kabla ya mwisho wa mwezi, tupate kuwaandikia wengine. Tunaahidi kwamba safari hii tutasikiliza kwanza kabla ya kutoa shauri.

Wabillahi tawfiq.