Lisemwalo Lipo? Ngoja Kwanza Hukumu



Wazee wetu wametuachia methali isemayo: lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Ni methali nzuri kwa mtu anayetaka kujihadhari. Lakini wengi wetu twaitumia vibaya. Mtu akitajwa kwa ubaya sokoni, sisi twatikisa kichwa, twasema “lisemwalo lipo,” na hapo hapo tumekwisha kumhukumu. Juma hili nataka tuipime methali hiyo kwa habari ya mtumishi mmoja mkubwa wa Serikali, Profesa Costa Mahalu.

Sisi wa Tangini, na wenzetu wa Kibaha yote na Kisarawe, tuko karibu na Dar es Salaam. Habari za Mahakama ya Kisutu zatufikia upesi pamoja na mabasi ya jioni. Basi wengi mtakumbuka Januari 2007, habari ilipotufikia kwamba Bwana Mahalu, aliyekuwa Balozi wetu nchini Italia, ameshtakiwa Kisutu pamoja na mtumishi mwenzake wa ubalozini.

Mahalu alikuwa profesa wa sheria, aliyefundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kupewa ubalozi. Mwaka 2002 Serikali yetu ilinunua jengo mjini Roma liwe ofisi ya ubalozi, kwa bei iliyozidi kidogo yuro milioni 3. Shida ikatokea hapa: kwa jengo hilo moja ilikutwa mikataba miwili, yenye bei zisizolingana, na fedha zililipwa katika akaunti mbili. Jamhuri ikadai kwamba bei ya kweli ni ile ndogo, na kwamba yuro zaidi ya milioni 2 zimeibwa.

Sema kweli, msomaji: ungesikia hayo, wewe ungewaza nini? Jengo moja, karatasi mbili! Hata mimi siwalaumu waliotia shaka. Shaka ilikuwa na sababu, na ni haki ya Serikali kuuliza fedha ya wananchi imekwenda wapi. Kosa si kuuliza. Kosa ni kujibu kabla ya yule anayeulizwa hajafungua kinywa.

Kesi ikaenda zaidi ya miaka mitano. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza siku ile ya mashtaka alikuwa amefika darasa la sita kabla ya kesi kwisha. Muda wote huo mshtakiwa aliitwa mwizi katika vijiwe na ndani ya mabasi, na watu wasioujua mji wa Roma wala bei ya nyumba zake.

Ndipo Mei 2012 likatokea jambo lisilozoeleka katika nchi yetu. Mzee Benjamin Mkapa, aliyekuwa Rais tangu 1995 hata 2005, alifika mwenyewe Kisutu kutoa ushahidi upande wa utetezi. Jengo lilinunuliwa katika utawala wake. Akaeleza mbele ya hakimu kwamba Serikali yake iliufahamu ununuzi ule na namna ulivyofanyika, na akaulizwa maswali na mawakili kama shahidi mwingine ye yote.

Mzee yule angeweza kukaa kimya. Alikuwa amekwisha kustaafu, na hakuna aliyemshtaki. Tena kesi ilikuwa ya Serikali iliyoongozwa na Rais Jakaya Kikwete, mtu wa chama chake mwenyewe, ambaye wakati wa ununuzi alikuwa Waziri wake wa Mambo ya Nje. Kimya kingemfaa zaidi. Lakini alilijua jambo, akaenda akalisema mahali panapostahili kusemwa.

Tarehe 9 Agosti 2012 mahakama ikatoa hukumu: upande wa mashtaka haukuthibitisha madai yake. Washtakiwa wote wawili wakaachiwa huru. Baadaye Profesa Mahalu alikuwa mjumbe wa Bunge Maalumu la Katiba la mwaka 2014, na kisha akapata kuwa Makamu Mkuu wa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, Mwanza, chuo cha Maaskofu wetu. Je, wangapi kati ya waliotangaza mashtaka yake walitangaza na hukumu yake?

Labda mmoja wenu atasema, “Wakubwa huachiwa siku zote.” La, si hivyo. Mahakama ile ile ya Kisutu, Julai 2015, iliwahukumu kifungo mawaziri wawili wa zamani, Basil Mramba na Daniel Yona, kwa kutumia vibaya madaraka yao katika msamaha wa kodi uliotolewa kwa kampuni iliyokagua dhahabu. Mshtakiwa wa tatu, Gray Mgonja, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Fedha, akaachiwa huru katika kesi hiyo hiyo, siku hiyo hiyo. Waliketi pamoja kizimbani, lakini kila mmoja alipimwa kwa ushahidi wake. Ndiyo kazi ya mahakama. Na Katiba yetu, ibara ya 13, yakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitishwa.

Sasa tuache Roma, turudi kwetu. Tuseme hapa Tangini kikundi cha akina mama kimenunua kiwanja. Muuzaji asema, “Nusu nipeni mkononi, nusu mpelekeeni ndugu yangu.” Mwenyekiti akubali, mtunza fedha alipa. Baada ya miaka miwili mwanachama mmoja aiona karatasi moja tu, yenye nusu ya bei. Jioni hiyo hiyo maneno yaanzia bombani: mtunza fedha ametula! Watoto wake wachekwa shuleni, mumewe aona aibu kukaa barazani. Na mwenyekiti, ambaye ayajua yote, anyamaza, asije naye akatiwa katika maneno.

Jambo la namna hii laweza kutokea Maneromango, laweza kutokea Mlandizi, penye chama cha korosho au kikundi cha kuweka na kukopa. Basi tushike mambo matatu.

La kwanza, andikeni. Malipo yakigawanywa, sababu yake iandikwe katika daftari la mkutano siku ile ile, na watu zaidi ya mmoja watie sahihi. Stakabadhi zote zikae pamoja. Maneno ya mdomo husahauliwa, na mashahidi hufa. Mzee Mkapa mwenyewe alifariki Julai 2020. Kesi ingengoja miaka kumi zaidi, nani angesema aliyoyasema?

La pili, anayejua aseme. Mwenyekiti aliyeidhinisha malipo asimwache mtunza fedha peke yake. Tena anayejua kwamba fedha imeibwa kweli, naye aseme, lakini aseme mbele ya mkutano au polisi, akiwa na ushahidi wake, wala si bombani.

La tatu, aliyebeba habari ya mashtaka na abebe na habari ya hukumu. Ulimwambia jirani kwamba fulani ni mwizi. Hesabu zikikaguliwa na kuonekana safi, mwendee jirani yule yule, umwambie. Ni kazi ngumu, maana habari ya aibu hukimbia na habari ya kusafishwa huchechemea. Lakini yule mama wa kikundi, aliye mikono mitupu isipokuwa jina lake, aingoja kwako.

Tutaonana juma lijalo, tukijaliwa.